Gari Nililolikosa Mnadani

Kazi yangu ni kushona viti vya magari hapa Eldoret, kwenye kibanda cha mabati upande wa Munyaka. Nimewashonea watu magari mengi ya zamani, na kila moja likiondoka nilikuwa najiambia kwamba siku moja nitashona viti vyangu mwenyewe. Nilitaka kobe, lile gari dogo lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma.

Nililiona kwenye mnada wa mtandaoni. Lilikuwa la kijani, viti vimechanika, sakafu imeshika kutu upande mmoja. Kosa langu ni kwamba nilimwonyesha jirani yangu, mama anayeuza rangi za magari mlango wa pili. Tulikuwa marafiki, tena tunaimba kwaya moja.

"Ni zuri," akasema, akiikuza picha kwa vidole. "Lakini litakusumbua."

Mnada ulikuwa unafungwa Jumamosi mchana. Wiki nzima dau langu ndilo lililokuwa juu. Dakika ya mwisho mtu akanipita kidogo. Nikaongeza, naye akaongeza. Nikabonyeza tena, simu ikabaki inazungusha kale kaduara ka mtandao, na ilipotulia mnada ulikuwa umefungwa. Jina la mshindi halikuonyeshwa, ni namba tu. Nilienda kumlalamikia jirani yangu. Akasema pole, akanimiminia chai.

Wiki mbili baadaye gari lilifika juu ya lori, likashushwa mlangoni pake.

"Mtu mwingine angelichukua tu," akasema bila kuniangalia. "Afadhali mimi, si ndiyo?"

Halafu akaniomba nimshonee viti. Alitaka ngozi nyekundu.

Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu sikutaka fundi mwingine aviguse. Nilishona siku tisa, kwa rangi ya maziwa yenye ukingo wa kahawia, kama nilivyokuwa nimepanga kwa ajili yangu. Nilimdanganya kwamba nyekundu imekosekana mjini. Nilitumaini atachukia. Akaingia, akakaa, akapapasa mishono polepole.

"Yaani wewe una mikono, mama," akasema.

Jumapili alikuja nalo kanisani, na mchungaji mwenyewe akaomba kuketi mbele. Nilisimama kwenye safu ya sauti ya pili nikiwa nimekaza meno. Sikumbuki tuliimba nini.

Gari lilimchosha mapema. Asubuhi za baridi lilikataa kuwaka, akaamua kulirudisha mnadani. Nakiri nilifurahi. Mshindi wa kwanza aliacha kupokea simu. Wa pili alikuja kutoka mbali, akalizunguka mara tatu, akasema picha zilimdanganya, akaenda zake. Picha zenyewe karibu zote zilikuwa za viti nilivyoshona.

Siku hiyo jirani alikuja kibandani, akakaa juu ya rundo la sponji.

"Lichukue wewe," akasema. "Kwa bei uliyoishia siku ile. Najua nilikukosea."

Pesa nilikuwa nazo. Nilihitaji kusema neno moja tu. Lakini nilijiona nikiliendesha mpaka Kimumu, watu wakiulizana, hilo si gari la yule mama wa rangi? Nikawaza nitakavyolazimika kumshukuru kila asubuhi tukifungua milango.

"Sitaki," nikasema. "Tafuta mtu mwingine."

Aliinuka, akajipangusa sketi.

Lilichukuliwa na mwalimu mstaafu kutoka Kaptagat, aliyekuja mwenyewe bila mambo ya mtandao. Alikaa kwenye kiti cha dereva kwa uangalifu, kama mgeni kwenye sebule ya watu, akaliwasha, na likawaka mara moja. Jirani yangu alisimama barabarani mpaka likapotea. Mimi nilirudi kwenye cherehani, nikavunja sindano mbili kabla ya saa sita. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilikataa, na akiniuliza sijui nitaanzia wapi.