Faili Lililofutwa kwa Woga

Wiki hii, katika duka la kompyuta hapa mtaani Mayfair, mama mmoja Mkongomani aliweka laptopu juu ya kaunta. Antivairasi yake, programu ya kuilinda dhidi ya virusi, ilikuwa inagoma kukagua, ikidai faili moja la mfumo halipo.

"Ulilifuta, mama?" akauliza fundi, Mtanzania.

"Ndiyo, papa. Groupe ya kanisa kwenye simu walituma ujumbe wa sauti, wakasema ile ni virusi, tufute mbio. Picha za marehemu bwana yangu ziko humu."

"Halikuwa kirusi. Nitalirudisha."

Simu ya mama ikalia: ujumbe mwingine wa groupe. Akasikiliza, akaifunika laptopu kwa kitenge.

"Wanasema tusiamini mafundi," akanong'ona, akatoka nayo.

Kwa kumwogopa mwizi tumemfukuza mlinzi, na sasa tunamkimbia fundi wa kufuli.