Kimlango cha Kwa Jirani

Juzi sokoni nilikuwa nashusha bei ya misumari. Muuzaji alipoona hanipati, akatoa silaha yake ya mwisho: "Chukua mingi, mama, kuna ensekirite." Nikalipa bila kubisha. Wanaonijua watakwambia hilo halijawahi kutokea.

Utotoni, mtaani kwetu Kamenge, wakati wa vita, neno hilo lilituingilia kwa redio. Ukosefu wa usalama, ndiyo maana yake. Mwalimu alitueleza kwamba Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, na mzizi wake ni kukaa bila wasiwasi; wakaongeza kikanusho mbele, wasiwasi ukarudi. Nikampelekea bibi habari hiyo. Akacheka, moshi wa kuni machoni: "Walienda mbali hivyo kutafuta jina la woga?"

Yeye hakuwa nao, kwa sababu ya kimlango. Kilikuwa kwenye uzio wa mabati, kati yetu na jirani, hakina hata komeo. Asubuhi kaa la moto lilipita pale, jioni chungu cha maharage. Na chungu hakikurudi kitupu kamwe. Ungetia walau chumvi. Jirani mwenyewe ndiye aliyesema: "Wakikuja, mupite hapa. Kwangu ni kwenu."

Wenye bunduki walikuja mchana, tukimenya mihogo. Bibi akanishika mkono, tukakimbilia kimlango. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Kilikuwa kimepigiliwa kutoka upande wa pili, ncha za misumari zikitung'aria, mpya kabisa. "Jirani!" bibi akaita. Tulimsikia akipumua nyuma ya bati. Tukalala kwenye mfereji nyuma ya jiko mpaka risasi zikanyamaza.

Kesho yake jirani akaja kwa kuzunguka barabarani, na chungu mkononi.

"Dada, mi niliogopa. Niko na watoto."

"Na huyu ni mbuzi?" bibi akauliza, akinionyesha mimi.

Maharage tulikula, njaa haina kinyongo. Kisha bibi akakiosha chungu, akanituma nikirudishe. Njiani nilichungulia ndani, nikachungulia tena. Kitupu.

Leo pale pana ukuta wa matofali, na vipande vya chupa juu yake. Watu wanadhani neno lile maana yake ni bunduki. Bunduki zilinyamaza zamani. Mimi bado nikifika kwa mtu, hata rafiki, kabla sijaketi naenda kwanza kusukuma mlango wa nyuma.