Neno la Siri la Brigedia

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mtambo wowote. Nilitoka Mungaa na begi moja nikijua naenda kuwa mtu wa mitambo, nikapokelewa na Sajini wa mawasiliano, mtu aliyekaripia hata akikusalimia, akanipa ufagio. Nilipomaliza kufagia akanisimamisha mbele ya simu ya upepo, ile redio tuliyoongea nayo na kambi za mbali. "Anayekuita, kwanza muulize neno la leo," akasema. "Asiyekuwa nalo si mwenzetu. Usibishane naye, funga." Basi, somo likaisha. Vijana wa sasa mnaizungushia kazi hii maneno makubwa, lakini sehemu yake ngumu ilikuwa hiyohiyo.

Mnaniuliza kila mara Kamandi ya Mtandao ilianzaje. Ilianza kwa kupaka rangi vibao. Sisi tulikuwa kombania ya mawasiliano. Zikaja kompyuta, tukaitwa kitengo cha kompyuta. Kibao kikabadilishwa, viti vikabaki vilevile vya kuchoma makalio. Baadaye tukawa kurugenzi, tukaahidiwa Luteni Kanali na kiyoyozi, na kiyoyozi kikatangulia kufika. Mwisho ndipo ikaundwa kamandi kamili, Brigedia juu yake, na mimi nikiwa Afisa Mteule nikapelekwa kituo cha kanda pale Singida mjini kuwafundisha watu wa zamu.

Kituo kilikuwa na mafungu matatu. Dawati la zamu lilitazama nani anaingia kwenye mifumo yetu na kuwasaidia waliofungiwa nje. Mafundi walishughulikia seva, yaani zile kompyuta kubwa zinazotunza kazi za wote. Ikivamiwa moja, wanaitenga na kuisafisha. Fungu la tatu tuliliita wachokozi. Kazi yao ilikuwa kutushambulia sisi wenyewe, ili mwanya ujulikane kabla adui hajauona. Mkuu wao alikuwa Kapteni mmoja kijana, mtafuna karanga, na siku moja aliniambia bila aibu, "Mzee, sisi wala hatuhangaiki na mitambo. Tunapiga simu, tunafoka kwamba sisi ni wakubwa. Wanatupa wenyewe maneno yao ya siri."

Na kweli walipewa! Jamani, niliumia. Lakini hebu fikiria. Mtu amekulia Iramba au Kintinku, tangu anatambaa anaambiwa mkubwa haulizwi maswali, mkubwa anaamkiwa. Jeshi nalo likaja kumwongezea saluti. Halafu leo umwambie amuulize Brigedia, "Wewe nani?" Ulimi unamganda. Nilifundisha, nikafoka, nikapiga meza mpaka mkono ukaniuma. "Hana neno la leo, mkate simu! Kisha mpigie mwenyewe kwa namba yake iliyosajiliwa!" Wote wanaitikia, "Ndiyo, afande!" Kesho yake Kapteni ananiletea maneno ya siri ya nusu ya ofisi, huku anatafuna karanga zake.

Aliyenielewa alikuwa mmoja tu, Koplo Neema, binti wa wakulima wa Mkalama, mpole kiasi kwamba ukimwita anaitika kwa kunong'ona.

Sasa sikia. Brigedia alialikwa kuhutubia sherehe fulani. Hotuba yake ilikuwa ndani ya kompyuta, neno la siri amelisahau, na simu yake imezimika chaji. Akaazima simu ya mwenyeji wake, akapiga dawati la zamu. Neema akapokea.

"Jambo, afande. Naomba neno la leo."

"Neno gani? Nifungulie kompyuta yangu, watu wananisubiri!"

"Samahani, afande. Nakata, nakupigia kwa namba yako iliyosajiliwa."

Akakata! Akapiga kwenye namba iliyosajiliwa, ambayo ndiyo hiyo iliyozimika. Brigedia akasimama mbele ya wageni mikono mitupu, akahutubia kuhusu mvua.

Wiki hiyohiyo Neema akashitakiwa kwa kutotii amri na kumdharau mkubwa. Adhabu iliyokuwa inasubiri ilikuwa kufukuzwa jeshi. Na mimi ndiye niliyemfundisha. Mtoto afukuzwe kwa sababu amefanya nilichomwambia?

Shauri lilisikilizwa na Meja, na Brigedia mwenyewe akakaa pembeni. "Koplo," Meja akauliza, "sauti ya mkuu wako huijui?"

"Naijua, afande."

"Sasa?"

Kabla Neema hajajibu, Brigedia akasema, "Huyu binti hana adabu. Hakuna zaidi ya hapo."

Nilisimama bila kuitwa. Nikaomba simu ya mezani, nikaweka sauti ya nje, nikampigia karani wa Brigedia, Sajini aliyekaa ofisini kwake. Brigedia alikuwa anaongea kwa puani na kukohoa katikati ya sentensi, na kwenye mesi yetu hakukuwa na mtu asiyeweza kumwigiza. Nikabana pua. "Mimi hapa. Lile neno jipya la siri nililokupa unitunzie, khm, nimelisahau. Haraka!"

"Ndiyo, afande!" Na Sajini akalitaja herufi kwa herufi: jina la dume la ng'ombe wa Brigedia, kisha moja, mbili, tatu. Akaongeza kwa heshima zote, "Na lile la benki nikutajie pia, afande?"

Brigedia akaruka kuizima simu mwenyewe. Meja akajishughulisha na kalamu yake.

"Koplo, rudi kwenye zamu yako," Brigedia akasema mwishowe. Kisha akanigeukia. "Na wewe, fundi wa kuigiza wakubwa. Umri wa kustaafu si umefika?"

Ulikuwa haujafika. "Umefika, afande," nikasema.

Ndivyo nilivyorudi Mungaa kulima alizeti. Nasikia Kamandi imepata jengo jipya, na kibao kipya bila shaka. Vijana wanakuja kuniuliza adui anatumia programu gani, na nikiwaambia anatumia heshima yetu wanadhani mzee amechoka akili. Nachoka kweli, ila kwa kurudia jambo lilelile.

Mwaka huu nikasikia Neema anapandishwa cheo, kwa paredi kabisa. Nikafurahi mno. Nikanyoosha suruali ya kaunda suti, nikapanda kilimani penye mtandao, nikapiga dawati la zamu. Kwa bahati akapokea mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu aliponiamkia. "Paredi yako ni lini, nije?"

"Samahani, mzee. Ratiba haitajwi kwenye simu. Naomba neno la leo."

"Neema! Ni mimi!"

"Basi kata, mzee, nakupigia kwa namba yako iliyosajiliwa."

Namba hiyo ilipotea na simu yangu mnadani zamani. "Wewe mtoto, sauti yangu huijui?"

"Naijua, mzee. Lakini na ya Brigedia niliijua."

Akakata.

Nilishuka kile kilima kwa hasira. Nikamkuta mke wangu anapepeta uwele, nikamwambia yote, nikamalizia, "Yule binti hana adabu!"

Hakuinua hata macho. "Brigedia naye alisema hivyohivyo."