Vifuko vya Nyuma ya Jiko

Nyuma ya jiko la mama yangu, pale tulipomwaga majivu na maji ya vyombo, kila kitu kiliota bila kuombwa. Mchicha, mnavu, maboga, na yale matunda madogo ya njano yanayojifunga ndani ya ganda kavu kama karatasi. Hapa Ngara kila kilima kina jina lake kwa matunda hayo. Sisi watoto wa nyumba ile tuliyaita vifuko, na mpaka leo nina mvi nayaita hivyohivyo.

Nilirudi nyumbani nikitokea Nyantakara, kule Biharamulo, nilikokuwa nimeolewa. Mume wangu alifariki, shemeji zangu wakagawana shamba, mimi nikaambiwa nina kwetu. Haya, nikaja kwetu. Mama alikuwa hai bado, ingawa kitandani alikuwepo zaidi kuliko uani. Siku moja alinishika mkono akanikokota hadi nyuma ya jiko. "Migomba ni ya kaka yako," akasema. "Hapa ni pako." Mama hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Basi nikapashika. Masika yakikatika na baridi ya kiangazi ikiingia vilimani, vifuko huanza kudondoka vyenyewe. Huvichumi, unaviokota. Ukiona ganda bado la kijani, achana nalo, maana hilo tunda litakukunja uso mpaka masikio yasogee. Niliokota asubuhi ukungu haujaondoka, na sikuwa peke yangu. Walikuwepo ndege wa mikia mirefu wanaotambaa matawini kama panya, na alikuwepo ngedere mmoja mwenye mkia uliokatika, aliyemenya kifuko kwa adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Yeye alikula upande wake na mimi nikaokota upande wangu.

Ndoo ikijaa, naipeleka sokoni Benaco. Madereva wa malori yanayokwenda mpakani Rusumo walivila wamesimama, wanatema maganda, wanaomba vingine. Kwa ndoo ile nilinunua sabuni yangu na chumvi yangu. Sikumwomba kaka yangu hata kiberiti, na haki ya Mungu, nadhani hilo ndilo lililomchoma.

Mama alipofariki, matanga hayajapoa, kaka akaanza. Anataka kupanda parachichi, kuanzia nyuma ya jiko hadi barabarani. Tena eti vifuko vyangu vinamletea ngedere kwenye ndizi. Eti! Ngedere walikuwa kwenye kilima hiki kabla baba yetu hajachomeka mgomba wa kwanza.

Kikao kikaitwa Jumapili baada ya Misa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, baba mkubwa akaketi kama mkuu wa ukoo. Nikapiga goti. "Shikamoo baba." "Marahaba, binti." Akanywa, akafuta mdomo, akakata maneno. "Kwetu mwanamke hagawiwi udongo. Udongo ni wa kaka yako. Wewe una kile kinachojiotea chenyewe, kama mama yako, kama bibi yako. Hicho hakuna mwanaume wa kukunyang'anya, popote kitakapoota."

Wanaume wakacheka. Ni kweli, ndivyo tulivyo: mchicha ukijiotea katikati ya migomba, mwanaume haugusi, na mwanamke haombi ruhusa kuuchuma. Ila pale nilipewa ili ninyamaze. Niliumia sana. Nikasimama, nikapangusa magoti, nikasema, "Nimesikia, baba. Na nyie wote mmesikia."

Walidhani nimekubali.

Kaka alingoja niende Benaco. Niliporudi na ndoo tupu nilikuta udongo mwekundu, mtupu, umepigwa jembe mpaka ukutani kwa jiko. Nililia. Sioni aibu kusema, nililia kwa hasira, meno yakisagana. Wifi yangu, mke wa huyo kaka, akaja akasimama kando yangu. Kaka akatoka na panga lake mkononi, anajifuta jasho. "Sasa utakaa kama watu wengine," akasema. "Wifi yako anahitaji msaidizi jikoni."

Msaidizi! Kwenye jiko la mama yangu!

"Thubutu," nikamwambia. "Heri nile majivu."

Sasa sikia alichofanya huyo mwanaume. Vichaka vyote vile, na vifuko vyake vilivyoiva, alivirundika jalalani vioze pamoja na maganda ya ndizi na kinyesi cha mbuzi. Alipokuja kuchimba mashimo ya parachichi, akachota mbolea ileile ya jalala na kujaza shimo baada ya shimo, hadi kule barabarani. Iliyobaki akaimwaga katikati ya mistari. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni namwangalia. Nilimsogezea hata karai.

Mvua zikaja. Wifi akapanda maharage kati ya parachichi, nikaenda kumsaidia kupalilia. Kaka hajapalilia maharage tangu azaliwe, kwetu hiyo ni kazi ya wanawake, kwa hiyo hawezi kuujua mche wa kifuko ukiwa bado na majani mawili laini yenye manyoya. Wifi aliufahamu. Alifika kwenye ule wa kwanza, akasimamisha jembe, akanitazama usoni. Kisha akauzunguka. Nami nikauzunguka wa kwangu. Tulipalilia shamba zima hivyo, tukizungumzia bei ya vitenge.

Kiangazi kilipoingia, parachichi zilikuwa zimenifika magotini na vifuko vimenifika kiunoni. Vilijaa kila mstari mpaka barabarani. Hata yule ngedere mkia mfupi alirudi. Baba mkubwa naye alikuja kuonyeshwa shamba jipya, na mimi siku hiyohiyo nikachukua kikapu, nikaingia mstari wa katikati, nikaanza kuokota.

"We!" kaka akafoka. "Unatafuta nini shambani kwangu?"

"Naokota kinachojiotea. Nani alipanda? Wewe ulipanda?"

Kaka akamgeukia mzee. Baba mkubwa alikohoa, akazungusha fimbo yake udongoni. "Nilisema," akajibu hatimaye. "Nilisema mbele za watu." Wifi alikuwa mlangoni kwa jiko na upande wa kitenge mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Basi nitang'oa!" kaka akapiga kelele. "Nitang'oa vyote, kimoja kimoja!"

Sikunyoosha hata mgongo. Nilimenya kifuko kimoja, nikakitia mdomoni, kitamu kweli.

"Ng'oa, kaka," nikamwambia. "Ukimaliza, katupe jalalani."