Kwenye fomu niliandika "Hakuna"

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule, maana Wakenya wa Toronto tunajuana. Nina miaka kumi na sita na ninaishi Rexdale na wazazi wangu. Tulihama Nakuru nikiwa na miaka tisa. Kule baba alikuwa fundi wa redio na televisheni, mtaa mzima ukimjua. Hapa anapakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na hakuna anayemuuliza anajua nini.

Muhula huu kila mwanafunzi wa darasa letu alitakiwa kuandaa maonyesho kuhusu uvumbuzi mmoja. Nilichagua rada iliyofungwa ndani ya ndege za kivita za usiku wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nilidhani nitabandika picha basi. Baba aliposikia, Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka duka la mitumba amekumbatia kifaa cha zamani cha kupimia mawimbi, chenye kioo cha kijani. Jumamosi sita tulikaa nacho kwenye meza ya jikoni, yeye akiunganisha nyaya hadi kikawa mfano wa rada ile. Yeye alieleza kwa Kiswahili, mimi nikajibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyozoea. Alinionyesha jinsi ndege ilivyorusha mawimbi mbele gizani, yakagonga ndege ya adui na kurudi. Mtu aliyeketi na rubani aliona mwiba mdogo kwenye kioo, akamwambia: kushoto, kulia, punguza mwendo.

"Kwa hiyo rubani mwenyewe haoni kitu?" nilimuuliza.

"Haoni. Anatii tu sauti. Kama mimi na mama yako tukienda Brampton kwa gari."

Mama akamtupia kitambaa cha vyombo. Tulicheka sana siku ile.

Fomu ya shule ilikuwa na sehemu ya kutaja waliokusaidia. Nilikuwa nimesikia wenzangu wakisema ukisaidiwa na mzazi unakatwa alama. Sikumuuliza mwalimu. Niliandika "Hakuna".

Siku ya maonyesho baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na ile fulana yake ya njano ya ghala. Mwalimu wa historia akaniuliza kwa nini adui alipotea kwenye kioo akikaribia sana. Nilikuwa ninajua, lakini nilisahau. Baba akajibu kutoka nyuma yangu, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba mwangwi wa kitu kilicho karibu mno ulimezwa na mawimbi ya mtambo wenyewe, na kuanzia hapo rubani alitegemea macho yake. Alijibu sawasawa. Wavulana wawili wakaanza kuiga lafudhi yake.

Mwalimu akageuka. "Huyu bwana ndiye aliyekusaidia kutengeneza?"

"Hapana," nikasema. "Ni baba yangu. Amenileta tu kwa gari."

Baba alitabasamu. "Ndiyo, mwalimu. Mimi ni dereva tu."

Nilipata nafasi ya kwanza. Sasa nimechaguliwa kwenda mashindano ya jiji zima, ambako mshindi anapewa nafasi ya masomo ya likizo chuo kikuu. Nimeitamani nafasi hiyo kwa miaka miwili. Lakini kuna fomu mpya, na mzazi lazima atie sahihi kwamba mtoto hakusaidiwa na mtu. Jana nilimpa baba. Alivaa miwani akaisoma yote.

"Unatia sahihi uongo?" mama akamuuliza. "Hizo nyaya ziliunganishwa na malaika?"

"Mwache mtoto aende mbele, mama."

Akaandika jina lake lote, kwa ule mwandiko wake mzuri, akanirudishia kalamu. Kisha akauliza, "Kile kifaa, mkimaliza, shule itakirudisha?"

Fomu inatakiwa Jumatatu. Nikikiri, huenda nikaondolewa na mwalimu aniite mwongo, na atakuwa na haki. Nikinyamaza, baba atakaa ukumbini akipiga makofi kwa kazi ya mikono yake, na hakuna atakayejua. Nimejaribu kuandika jina lake kwenye karatasi nyingine, nione kama litatosha kwenye mstari ule wa fomu ya kwanza nilipoandika "Hakuna". Linatosha.

Kiswahili hiki mnachosoma alinifundisha yeye, lakini sijawahi kumwambia jambo zito kwa Kiswahili. Dada na kaka zangu, hasa nyinyi wazazi, niambieni: nianze na mwalimu, au nianze na baba? Na nikifika mbele ya baba, neno la kwanza liwe lipi?