Nusu ya Kiingereza Tuliyofundishwa

Nakumbuka Jumatatu moja ya mwanzo wa mvua, mwanangu, tumekusanywa kwenye bwalo la wafanyakazi la hoteli moja kule ukingoni mwa kreta, lile bonde kubwa la wanyama. Ukungu umejaa madirishani, na msaidizi wa meneja amesimama mbele yetu na chaki mkononi. Ilikuwa miaka ya sabini inaishia. Mimi nilikuwa dobi pale, na mume wangu Boay alikuwa dereva wa kuwashusha wageni kreta. Somo la siku hiyo lilikuwa namna Wazungu wanavyozungumza juu ya kuweza na kushindwa.

Kazi rahisi, yule bwana alituambia, Mwingereza anaiita kipande cha keki. Kazi isiyomsumbua anasema haina jasho. Njia aliyoizoea anaijua kama mgongo wa mkono wake, na jambo alilolimudu anaweza kulifanya macho yamefumbwa. Tulicheka sana. Wengi wetu keki tulikuwa tukiiona kwenye sinia la mgeni tu, inarudi jikoni imeng'atwa pembeni. Kisha akahamia upande wa pili wa ubao. Asiyejua kazi ya mikono husema vidole vyake vyote ni gumba. Aliyejitwisha makubwa ameng'ata asichoweza kutafuna. Aliyezidiwa yuko ndani ya maji yaliyompita kimo.

Boay aliyapenda haya ya pili kuliko yale ya kwanza. Akanyoosha mkono, akauliza ni lipi kati ya hayo dereva amwambie mgeni barabara ikiwa mbaya.

"Hakuna," yule bwana akamjibu. "Hayo ya kushindwa ni ya mgeni. Nimewafundisha ili mumwelewe akiyasema. Ya kwenu ninyi ni yale ya kuweza."

Akafuta upande ule wa ubao, akatuacha na upande mmoja.

Jibu hilo limenikaa kooni hadi leo. Na usidhani nakichukia Kiingereza, maana chenyewe hakikuwa na kosa. Mgeni mmoja, daktari mzima, aliwahi kuhangaika na taa ya chumbani kwake nikiwa namletea nguo. Akaniwekea taa mkononi huku akicheka, akasema vidole vyake vyote ni gumba. Nikamwita fundi, ikawaka, tukaagana vizuri. Hakuna aliyemwona mjinga wala hakuna aliyemfukuza. Kumbe wenye lugha yao wanashindwa kila siku na wanasema kwa raha zao. Sisi ndio tuliopewa nusu, tukaambiwa tuishi nayo.

Sasa nikwambie habari za kwetu Qurus, wewe uliyekulia mjini. Kwetu mtu akizidiwa na shamba haoni haya. Anapika pombe, anapita nyumba kwa nyumba na kusema, "Palizi imenishinda." Siku iliyopangwa watu wanakuja na majembe yao, wanaimba, wanalima mpaka jioni ndipo wanakunywa. Kesho ni zamu ya mwingine kushindwa. Ndivyo tulivyolelewa, na Boay alilelewa hivyo hivyo.

Lakini mwaka ule Boay alikataa kualika watu. Tukija nyumbani siku za mapumziko aliingia shambani peke yake, na jioni alikuwa hata kukaa kitini anakaa kwa kugumia. Nikimwambia tupike pombe, ananijibu kwa Kiingereza cha ubaoni. Mimi nami nilikuwa mjinga wa ujana, nilikiona kizuri. Nilikuwa nikijisifu kisimani kwamba nina mume asiyeomba mtu.

Baba mkwe wangu, mzee Amsi, hakukiona kizuri hata kidogo. Alikuja akasimama pembeni mwa shamba, akamtazama mwanawe akihangaika na magugu yaliyokwisha kuyapita mahindi na maharage. Alikuwa mzee wa maneno machache.

"Boay," akasema, "hapa hakuna mgeni. Ukisema shamba limekushinda, nani atakufukuza?"

Boay akacheka, akamwambia, "Haina jasho, baba." Na shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Mzee alitikisa kichwa, akaondoka bila kuaga, na kwetu kuondoka namna hiyo ni karipio zito kuliko matusi.

Siku ya ajali mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Niliyoyajua niliyasikia kwa Saning'o, Mmasai aliyekuwa akipanda kutoka kreta na wenzake baada ya kunywesha ng'ombe na kuwalambisha chumvi. Alimfahamu Boay, walikuwa wakisalimiana njiani mara nyingi. Alisema walimkuta kwenye kona kali, Landrova imeteleza kwenye tope, gurudumu moja la nyuma liko nje ya barabara linaning'inia. Boay akashuka, akainama, akaliangalia lile gurudumu kwa muda mrefu. Kisha akawaambia wageni wake washuke wapige picha za kreta, maana pale inaonekana vizuri.

Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hapakuwa na cha kupiga picha.

Saning'o akamsogelea, akamwambia alete kamba iliyokuwa nyuma ya gari, waifunge kwenye mti, na wao waishikilie mpaka gari jingine lipite. Walikuwa vijana wengi na wenye nguvu. Mgeni mmoja naye akauliza kama kuna tatizo. Boay akamgeukia akitabasamu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hiyo ni kipande cha keki. Halafu akashusha sauti, akasema kwa Kiswahili: "Nenda na ng'ombe wako, kaka. Wageni wanaangalia."

Akaingia garini peke yake, akawasha moto. Gari halikuchukua muda kwenda bondeni.

Kwa hiyo alijua, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kufa kwenyewe. Angekuwa hajui, ningesema alikosea barabara, nikalia nikanyamaza. Lakini aliwashusha wageni garini kwa sababu alijua haiwezekani. Akili yake ilisema, mikono yake ikasema, ni mdomo tu uliokuwa umefundishwa kukataa.

Siku ya mazishi msaidizi wa meneja alikuja Qurus, amevaa tai. Akapewa nafasi ya kuongea. Akamsifu marehemu, akasema katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumsikia Boay akisema ameshindwa. Wafanyakazi wenzetu wakaitikia kwa vichwa. Mzee Amsi akainuka taratibu, akamshukuru mgeni kwa kufika kwetu. Kisha akasema:

"Mwanangu alipokuwa kwangu alijua kusema ameshindwa, na kila aliposema tulikwenda. Kutosema alijifunzia kwako."

Yule bwana akaangalia viatu vyake vilivyojaa tope. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba dereva mwenyewe ndiye aliyesema anaweza. Nilikuwa nimekaa karibu na kaburi, nikasikia kila neno. Sijamsamehe. Padri amenisihi mara nyingi, na mimi Jumapili nakwenda kanisani kama watu wengine, lakini kwa hilo bado sijafika.

Mahindi na maharage yakakomaa bila kujali msiba wangu. Maganda ya maharage yakaanza kupasuka shambani. Sikuwa na nguvu ya kupika pombe. Nikajifunga khanga, nikapita nyumba kwa nyumba mikono mitupu, nikasema maharage yamenishinda. Sikusema zaidi ya hapo. Asubuhi iliyofuata shamba lilijaa watu, hata wale ambao Boay hakuwahi kuwalimia, na hakuna aliyeulizia pombe.

Katikati yao nikamwona Saning'o. Habari zilimfikia kwa wapita njia, naye akashuka kutoka huko juu kwa miguu, na shuka lake na fimbo yake, kati ya wakulima. Akaja kwangu.

"Mama, kazi hii siijui," akasema. "Nionyeshe."

Nikainama, nikashika shina chini, nikalivuta, nikakung'uta udongo, nikalilaza. Akafanya kama mimi. Kabla hatujamaliza tuta la kwanza alikuwa ameshika kazi, na mimi nimekaa chini kwenye udongo nalia kwa sauti, mimi ambaye sikulia namna hiyo hata kaburini. Maana niliona jinsi neno lile lilivyo jepesi. Maharage yangu yaliokolewa kwa neno ambalo mume wangu aliona haya kulitamka.

Nasema nanyi sasa, wewe na wenzako mnaopata kazi kwenye makampuni na mahoteli ya Karatu. Nawasikia kwenye simu, kila mnaloambiwa mnajibu haina shida, mna homa na haina shida, gari bovu na haina shida. Semeni mmeshindwa mapema, gurudumu likiwa bado barabarani. Semeni mbele ya mgeni, semeni mbele ya bosi, kazi ikipotea itapatikana nyingine. Atakayewafundisha kuweza bila kuwafundisha kushindwa, jueni siku ya msiba atakuja na tai na kusema mlisema wenyewe. Na wewe ukija kuwa bosi, mtu akikwambia limemshinda, usimkodolee macho. Muulize kamba iko wapi, ukashike.

Mungu awape mikono ya kazi, wanangu. Awape na watu wa kuwashikia kamba. Na siku mtakapozidiwa, maana itafika, asiwanyime sauti ya kuwaita.