Kwenye Foleni ya Sindano ya Surua

Jumatano, kwenye benchi la kliniki ya mtaa wetu, nikiwa na mwanangu mchanga mapajani, kando yangu aliketi mama mwenye watoto wawili. Mdogo alikuwa mgongoni, ameletwa kudungwa sindano ya surua. Mkubwa, wa miaka mitatu, alichuchumaa akipanga vifuniko vya soda sakafuni, wala hakuinua uso alipoitwa. Mama yake akaeleza polepole kwamba daktari amesema ana usonji.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akaruka. "Si ni hiyo sindano ilimharibu? Na bado unaleta mwingine! Mama, rudi nyumbani."

Nilimkumbatia wangu, maana hofu hiyo hiyo nilikuja nayo, na haya ilinizuia kumwuliza nesi.

Yule mama akampangusa mkubwa kamasi kwanza. "Dada, huyu hakunitazama usoni hata akinyonya, kabla ya sindano hiyo. Lakini surua naijua. Ilimchukua mtoto wa dada yangu. Huyu mdogo atadungwa." Kisha akamtazama mtoto aliyelala kwenye shali ya huyo mwanamke wa nyuma. "Na wako umemleta kufanya nini?"

"Ni kudungwa hiyo hiyo," akajibu, "lakini naogopa."

Tulicheka mpaka nesi akachungulia. Wasomaji, mtu akituambia tutoke kwenye foleni, tuangalie kwanza yeye amesimama wapi.

Zamu yangu ilipofika, niliinuka bila kuuliza chochote. Mwoga wetu wa nyuma akanihimiza, "Nenda, dada. Halafu uniambie kama alilia sana."